KUSAMEHE NI KAZI YA MOYO ULIO MACHO



Kila jioni, katika nyumba nyingi za Wakatoliki, baba, mama na watoto hupiga magoti, hufanya ishara ya msalaba na kusali Baba Yetu. Sala hiyo ina maombi 7. Katika hayo 7, moja tu limefungwa na sharti: twamwomba Mungu atusamehe kama nasi tunavyowasamehe wenzetu. Tena Mwinjili Mathayo atuonyesha, katika sura ya 6, kwamba Bwana wetu alipokwisha kuifundisha sala hiyo hakurudia ombi la mkate, wala ombi la ufalme. Alirudia hilo moja la kusamehe, akalieleza mara ya pili, asije mtu akasema hakusikia.

Walakini tusikiapo habari za kusamehe adui, mawazo yetu hukimbilia mbali. Twamfikiri mwizi aliyevunja duka, au mtu wa mtaa wa pili aliyetusingizia. Mtu wa mbali si vigumu sana kumsamehe, kwa kuwa hatuonani naye kila siku. Vigumu ni kumsamehe yule tunayekula naye chungu kimoja: mume, mke, mama mkwe, wifi, ndugu wa tumbo moja, mtoto tuliyemlea kwa jasho. Huyo hatukosei mara moja akaenda zake. Atukosea leo, na kesho asubuhi yupo, na tabia yake ni ile ile. Petro mwenyewe, alipouliza kama inatosha kusamehe mara 7, hakuuliza juu ya askari wa Kirumi. Aliuliza juu ya ndugu yake. Naye alijibiwa kwa hesabu isiyohesabika kwa vidole (Mt. 18:21-22).

Somo letu la leo ni fupi, nalo ni hili: hakuna awezaye kusamehe kosa asilolitazama. Msamaha wa kweli wahitaji moyo ulio macho.

Misamaha miwili ya bandia

Kuna msamaha wa kwanza wa bandia, uitwao "yaishe". Mume na mke wamegombana. Wazee wamekuja, wamekunywa chai, wamesema yaishe, nao wote wawili wameitikia. Lakini hakuna aliyesema ameumia wapi. Jeraha limefunikwa kwa kitambaa kabla ya kuoshwa. Baada ya mwezi mmoja sahani yavunjika jikoni, na kwa sababu ya sahani hiyo yafufuka maneno ya miaka 10 iliyopita. Mgeni hushangaa kuona sahani moja ikileta vita. Si sahani. Ni usaha uliokuwa chini ya kitambaa.

Msamaha wa pili wa bandia husema, "Nimemsamehe, lakini sitaki kumwona." Mtu huyu hajalifunika jeraha lake, yeye hulifunua kila siku ili kulikuna. Akilala, aliwaza; akiamka, aliwaza; akipata msikilizaji, amsimulia, na kila asimuliapo kosa lazidi kukua. Huyo adhani anakumbuka, kumbe anapika.

Watu hawa wawili waonekana mbalimbali, lakini ugonjwa wao ni mmoja. Wa kwanza hataki kutazama; wa pili hutazama sehemu moja tu, ile ya kosa la mwenzake. Wote wawili hawako macho.

Siku hizi kuna watu wanaofundishwa, vitabuni na hata katika simu zao, namna ya kukaa kimya, kuifuata pumzi yao na kuyaangalia mawazo yanavyokuja na kupita. Hatuwacheki, utulivu ni kitu chema. Ila Mkristo asidhani kwamba jambo hili ni geni kwake. Mama Kanisa amewafundisha watoto wake tangu zamani kujikusanya moyoni, kujiweka mbele ya macho ya Mungu, na kutafiti dhamiri. Tofauti ni hii, kwamba sisi hatujitazami tukiwa peke yetu. Yuko atutazamaye pamoja nasi, naye hutupenda.

Tuone basi mambo matatu ambayo moyo ulio macho yapasa uyatazame.

1. Tazama jeraha lako

Kitabu cha Mwanzo chatuletea habari za Yosefu, mwana wa Yakobo. Alikuwa kijana wa miaka 17 ndugu zake walipomchukia, wakamtupa shimoni, kisha wakamwuza kwa vipande 20 vya fedha. Alipokwisha kuinuliwa huko Misri alipata mwana, akamwita Manase, maana alisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba ya baba yake. Maskini Yosefu alidhani amesahau! Siku ndugu zake walipotokea mbele yake kununua nafaka, moyo wake ulichafuka wote. Alijitenga nao akalia. Walipokuja mara ya pili, aliingia chumbani akalia tena, kisha akanawa uso, akajizuia, akatoka. Mara ya tatu hakuweza kujizuia tena. Alilia kwa sauti hata nyumba ya Farao ikasikia. Hapo ndipo alipojifunua kwao. Na tuangalie sana: hakusema kwamba halikuwa jambo kubwa. Aliwaambia waziwazi kwamba yeye ndiye ndugu yao waliyemwuza. Alilitaja kosa kwa jina lake, halafu akawakumbatia mmoja mmoja.

Tangu alipouzwa hata siku ile ilikuwa imepita miaka zaidi ya 20. Na bado kazi haikuwa imekwisha. Yakobo alipokufa, miaka 17 baada ya kuhamia Misri, ndugu zake waliogopa kwamba sasa atalipa kisasi. Yosefu alilia tena, akawafariji tena.

Kumbe basi, wewe uliyemsamehe mumeo mwezi wa Kwaresima, na jeraha likauma tena mwezi wa Agosti, usikate tamaa ukadhani kwamba msamaha wako ulikuwa wa uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha katika nambari 2843 kwamba si katika uwezo wetu kutolisikia kosa tena wala kulisahau. Bali moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha kuwa huruma. Kusamehe ni tendo la nia, si hali ya mwili. Likiuma tena, samehe tena. Hiyo nayo ni hesabu katika zile mara 70 mara 7.

Kwa hiyo ukikosewa, usikimbilie kusema, "Hamna neno," kama neno lipo. Nenda faraghani, kama Yosefu. Mwambie Mungu kwa maneno ya kawaida: "Bwana, nimeumia. Nimeumia kwa sababu alinidharau mbele ya wanangu." Pengine utagundua kwamba kilichokuuma si kile ulichokuwa ukikipigia kelele.

2. Tazama ile nafasi kati ya neno na jibu

Wavuvi wa pwani wana methali yao: hasira ya mkizi, furaha ya mvuvi. Mkizi akikasirika huruka, na akiruka huanguka ndani ya ngalawa. Shetani naye ni mvuvi mvumilivu. Hana haja ya kutupa nyavu penye mtu arukaye mwenyewe.

Kati ya neno linalotuumiza na jibu tunalolitoa kuna nafasi ndogo, pengine ya pumzi moja tu. Nyumba nyingi zimejengwa au zimebomoka katika nafasi hiyo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu aliijua vizuri. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, akafiwa na mama yake mwaka 1877, na tangu hapo akawa mtoto wa machozi; jambo dogo lilimliza, na akisha kulia alilia tena kwa sababu amelia. Usiku wa Noeli mwaka 1886 alirudi nyumbani Lisieux pamoja na baba yake na dada yake Selina kutoka Misa ya usiku. Ilikuwa desturi yao kuweka viatu vya mtoto karibu na moto na kuvijaza zawadi. Baba yake, aliyempenda kuliko macho yake, alikuwa amechoka usiku ule. Akasema kwa uchovu kwamba afadhali mwaka huu ni wa mwisho. Teresia alikuwa ngazini, akipanda kwenda kuvua kofia. Alisikia.

Selina alimwona machozi yakimlengalenga, akamshauri asishuke upesi. Teresia hakumshutumu baba, wala hakujifungia chumbani kununa. Aliyazuia machozi, akautuliza moyo uliokuwa ukipiga kwa nguvu, akashuka, akaitoa zawadi moja moja kwa furaha mbele ya baba yake, hata mzee mwenyewe akacheka. Msichana huyo, aliyekuwa hajatimiza miaka 14, baadaye aliuita usiku ule usiku wa kuongoka kwake. Baba yule, Luis Martin, na mkewe Zelia, walitangazwa watakatifu pamoja mwaka 2015. Ndiyo kusema hata katika nyumba ya watakatifu hutoka maneno yanayochoma.

Kila nyumba ina ngazi kama ile. Ngazi yako ni kizingiti cha mlango. Ni safari ya kwenda kisimani au bombani. Ni dakika ile umeshika simu mkononi na ujumbe wa hasira umekwisha kuuandika, ila bado hujautuma. Simama hapo. Vuta pumzi. Litaje jina la Yesu kimoyomoyo. Jiulize: "Nikisema hili, nataka apone au nataka aumie?" Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, maana damu ya kidole hukauka.

Teresia huyo huyo, alipokuwa mtawa, alikaa kanisani mbele ya sista mmoja aliyekuwa na mazoea ya kufanya sauti ndogo yenye kukera wakati wa sala ya kimya. Kwanza alijitahidi kutoisikia, hata jasho likamtoka, asifaulu. Mwishowe aliacha kuikimbia. Aliisikiliza kwa makini kama mtu asikilizaye muziki mzuri, akamtolea Yesu. Hapa pana hekima kwa wote wanaoishi na mtu akoromaye, asahauye kufunga mlango, au asimuliaye hadithi ile ile kila jioni. Mara nyingi kinachotuchosha si udhaifu wa mwenzetu. Ni vita yetu ya kutaka asiwe nao.

3. Mtazame mwenzako

Hapa mwalimu wetu ni mama wa Kiafrika, Mtakatifu Monika wa Tagaste, mji ambao leo waitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, ametuandikia habari zake katika kitabu cha 9 cha Maungamo. Mumewe, Patrisi, alikuwa mtu mkarimu lakini mwenye hasira kali. Monika hakushindana naye hasira ilipokuwa inawaka, kwa tendo wala kwa neno. Alingoja. Alipomwona ametulia, ndipo alipomweleza mambo yalivyokuwa. Hakunyamaza daima, kama wengine wadhanivyo. Alichagua saa ya kusema.

Mama mkwe wake naye alichochewa na minong'ono ya watumishi hata akamchukia. Monika alimshinda kwa heshima na upole usiochoka, hata mama mkwe mwenyewe akamwendea mwanawe na kuwataja wale wachochezi. Tena watu wawili waliogombana walipomletea maneno makali, kila mmoja juu ya mwenzake, Monika hakupeleka kwa huyu wala kwa yule ila lile liwezalo kuwapatanisha. Kama mawifi na majirani wote wangeishika desturi hiyo moja, mabaraza ya usuluhishi yangekosa kazi.

Monika aliweza hayo kwa kuwa alimtazama mtu, si kosa peke yake. Tuchukue mfano wa nyumba ya leo. Mume arudi saa 3 usiku, na mke amwambia mlangoni, "Hata leo?" Maneno ni mawili tu, lakini yameingia kama mwiba. Mume akitazama maneno peke yake, atajibu kwa maneno 20. Akimtazama mkewe, pengine ataona kwamba mama huyo amekuwa na hofu tangu jioni. Kwamba ada ya shule haijalipwa. Kwamba amekaa peke yake na mtoto mwenye homa. Na mke, akimtazama mumewe, pengine ataona viatu vyenye vumbi la njia ndefu, kwa sababu nauli haikutosha. Kosa halikugeuka kuwa haki. Lakini sasa aliyekosa ana uso, na mwenye uso ni rahisi kumsamehe.

Kusamehe si kufuta haki

Mtu asije akalitumia somo hili kumfunga mwenzake minyororo. Augustino mwenyewe asimulia kwamba wanawake wengi wa mji wao walikuwa na alama za mapigo nyusoni. Hayo yalikuwa mabaya wakati ule, na ni mabaya leo. Kusamehe si kuvumilia kupigwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, yamruhusu mwenye ndoa kuondoka ikiwa mwenzake amemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya roho au mwili. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alifundisha kwamba pengine kutengana huwa ni wajibu, ili kumwokoa mnyonge au watoto na ukatili. Mama aliyekimbia fimbo aweza kusamehe akiwa mahali pa salama. Hapaswi kurudi chini ya fimbo ili kuthibitisha kwamba amesamehe.

Vivyo hivyo ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Waweza kuita wazee, wapime, waweke alama upya, na kila mmoja apate haki yake. Na bado wasameheane. Msamaha hauondoi mpaka. Waondoa chuki iliyoota juu ya mpaka.

Zoezi la juma hili

Somo lisilo na zoezi ni kama mbegu iliyobaki ghalani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichokubaliwa na Papa Paulo wa 3 mwaka 1548, alifundisha namna ya kupigana na kosa moja tu kwa wakati. Twaweza kuifuata hivi nyumbani.

Asubuhi, mara uamkapo, chagua jambo moja: kwa mfano, "Leo sitamjibu mke wangu kwa ukali." Mchana, baada ya chakula, jikumbushe saa kwa saa tangu ulipoamka, uhesabu umeanguka mara ngapi, ukaweke alama kwenye karatasi. Usiku, kabla ya kulala, hesabu tena tangu mchana, uweke alama katika mstari wa pili. Kesho yake linganisha. Na kila unapoanguka, weka mkono kifuani na kujuta papo hapo. Inyasi asema jambo hili laweza kufanywa hata mbele ya watu, wasitambue. Baba awezaye kuweka mkono kifuani katikati ya maneno makali, na kunyamaza, amekwisha kushinda nusu ya vita.

Kisha, jua lisichwe mkiwa na hasira, kama Mtume Paulo alivyowaagiza Waefeso (4:26). Baba Mtakatifu Fransisko alipenda kuwakumbusha wenye ndoa kwamba si lazima hotuba. Ishara ndogo yatosha. Mtengee chakula. Mwulize kama amechoka. Na palipo na kosa kubwa, tamka neno lenyewe: "Nisamehe." Wazazi wasione haya kulisema mbele ya watoto, wala kuwaambia watoto wenyewe. Mtoto aliyeombwa radhi na baba yake hajifunzi kumdharau baba. Ajifunza namna mtu mzima anavyosimama baada ya kuanguka.

Mwisho, peleka yote kwenye Sakramenti ya Kitubio. Bwana wetu alimwagiza aletaye sadaka yake aiache mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake (Mt. 5:23-24). Kwa hiyo tusingoje Jumamosi jioni kukumbuka kwamba tuna ndugu.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Ni nani katika nyumba hii ambaye nimemwambia "yaishe", na moyoni bado?
2. Nikimsimulia mtu kosa la mwenzangu, nataka shauri au nataka mshirika wa hasira?
3. "Ngazi" yangu iko wapi: ni saa gani, mahali gani, neno gani hunifanya niruke kama mkizi?
4. Je, yuko mtoto au mtu mdogo nyumbani ninayepaswa kumwomba radhi juma hili?

Msome maswali haya pamoja baada ya Rozari, na kila mmoja ajijibie moyoni mwake kwa kitambo cha kimya, pasipo kumnyoshea mwenzake kidole. Halafu msali Baba Yetu polepole. Mkifika lile ombi lenye sharti, simameni kidogo, kila mtu ataje moyoni jina moja. Bikira Maria, aliyekuwa akiyaweka mambo yote na kuyatafakari moyoni mwake, atuombee mioyo iliyo macho.